Binti amepata chuo Marekani, viza zimesimama, na mama yake ananiuliza mimi

Moshi, Agosti 2020

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya binafsi hapa Moshi. Mbali na vipindi vyangu, mimi ndiye mshauri wa wanafunzi wanaoomba vyuo vya nje. Kazi hiyo sikuisomea. Nilianza kwa kumsaidia kijana mmoja kuandika insha ya maombi yake, akapata chuo Marekani, na tangu hapo mkuu wa shule akanikabidhi meza, kompyuta na chumba kidogo pembeni ya maktaba.

Ninayoyajua nimeyapata kwa watu. Kila mwaka, Septemba na Oktoba, maofisa udahili wa vyuo vya Marekani hupita Afrika Mashariki. Wakimaliza Nairobi wengine huja Arusha, nasi tunawapakia wanafunzi kwenye basi la shule tunawafuata hotelini. Wanafunzi huuliza maswali yao, mimi nasubiri hadi watawanyike, kisha namfuata ofisa na daftari langu. Mtoto wa mkulima ana nafasi gani kwenu? Division one ya NECTA, baraza letu la mitihani, mnaielewaje? Hapo huambiwa mambo ambayo hayamo kwenye vipeperushi. Mwaka huu nilikuwa nimepata udhamini wa kwenda mwenyewe kwao, Minneapolis, Septemba, kwenye mkutano wa mwaka wa NACAC, chama cha washauri wa udahili. Mkutano umehamishiwa mtandaoni kwa sababu ya korona. Ziara za maofisa nazo nimeambiwa msimu huu hazipo.

Sasa jambo lenyewe. Nina mwanafunzi wa kidato cha sita, kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba yake ni mpagazi wa mlimani, mama anauza mitumba soko la Memorial. Mwezi wa tatu, siku zilezile Waziri Mkuu alipotangaza shule zifungwe, binti alipata barua kwamba chuo kimoja cha mashariki mwa Marekani kimempokea, tena kwa msaada wa fedha unaobeba karibu kila kitu: ada, chakula na malazi. Nilimpigia mama simu yuko sokoni. Nilisikia vigelegele vya akina mama wa meza za jirani kabla yeye mwenyewe hajapata sauti ya kunijibu.

Kidato cha sita waliporudi shuleni Juni, usharika wao kule Old Moshi ukafanya changizo. Ilipatikana zaidi ya milioni mbili, ya nauli na viza. Shule nayo ikachapisha bango lenye picha yake, likatundikwa getini.

Shangazi, tangu Machi ubalozi wa Marekani umesimamisha mahojiano ya viza za kawaida na hakuna anayetaja tarehe. Julai 6 serikali yao ikasema mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote ni ya mtandaoni asikae nchini mwao. Harvard na MIT wakaenda mahakamani, na Julai 14 amri ikaondolewa. Tukashangilia. Mwisho wa mwezi wakafafanua kwamba wanafunzi wapya ambao masomo yao yote ni ya mtandaoni hawataruhusiwa kuingia. Chuo cha binti yetu kimeshatangaza kwamba muhula wa kwanza wote ni wa mtandaoni.

Wamempa njia mbili. Aanze masomo akiwa nyumbani, au aahirishe hadi Agosti 2021. Wanataka jibu kabla ya katikati ya mwezi huu. Kuhusu msaada wa fedha akiahirisha, barua inasema tu kwamba "utapitiwa upya". Nilimwandikia ofisa niliyezoeana naye, yule aliyekuwa akishughulikia ukanda wetu. Likarudi jibu la kompyuta kwamba amepewa likizo isiyo na malipo na hajulikani atarudi lini. Ofisi kuu hujibu sentensi mbili, na zote mbili ni za kutushukuru kwa uvumilivu.

Huku kwetu matokeo ya kidato cha sita hayajatoka, maana mitihani yenyewe iliisha Julai 16. Maombi ya vyuo vya ndani hayajafunguliwa. Yaani tunatakiwa tuwajibu Wamarekani kabla hatujajua nyumbani kuna nini.

Baba hajapata safari ya mlimani tangu Machi. Wageni wanaanza kurudi mmojammoja, lakini wagumu, yaani wapagazi, wanaosubiri kwenye geti la mlima ni wengi kuliko mizigo. Yeye anaona hela ya changizo inunue kompyuta na bando, binti aanze sasa. Mama anasema ile ni hela ya ndege, ya kanisa, na haitaguswa. Baba mdogo aliyeko Dar anasema aachane na Wazungu, aombe chuo cha tiba cha Muhimbili, mkopo upo. Mkuu wa shule angependa aanze mtandaoni. Sababu hakuitaja, alisema tu "tusiwape watu maneno", lakini bango liko getini na msimu wa kusajili wanafunzi wapya unakuja.

Juzi mama alinifuata shuleni na mfuko wa parachichi. Tukaongea mengi, mwisho akaniuliza: "Mwalimu, angekuwa wako ungefanyaje?" Nikamwomba anipe hadi Jumapili.

Sijui nimwambie nini. Nikishauri vibaya, atakayekosa chuo si mimi. Na nimeanza kujiuliza kama ni haki niendelee kukaa kwenye kile chumba nikiitwa mshauri, ilhali watu waliokuwa wakinijuza mambo siwapati tena. Mhasibu ameshauliza kama chumba kinaweza kuwa stoo ya vitabu. Nilikaribia kumwambia sawa.

Mwalimu wa Jiografia,
Moshi

*

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, kwa sababu ina tarehe ndani yake. Wenye barua za wakwe na mirathi watanisamehe, hayo hayaozi kwa wiki moja.

Nimeisoma na kalamu mkononi, na naona umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye mfuko mmoja. La kwanza ni la binti: aanze mtandaoni akiwa Old Moshi, aahirishe mwaka, au ageukie vyuo vya hapa. La pili ni la kwako: mlango uliokuwa ukipitia kupata habari umefungwa, na unajiuliza kama bila mlango huo una kazi. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba usipojua jibu la kwanza, unajihukumu kwenye la pili. Mimi nitayafungua kila moja kivyake, uniambie kama nimekosea.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo nililiona nilipoisoma mara ya pili. Baba amesema. Mama amesema. Baba mdogo amepiga simu kutoka Dar. Mkuu wa shule ana lake, kanisa lina hela yake, hata mhasibu ametia neno. Binti hajasema kitu. Najua picha yake iko getini na kombi yake ni PCB, lakini sijui anataka kusomea nini, wala sijui kama amelala vizuri wiki hii. Labda amekwambia mengi na hukuona haja ya kuyaandika. Labda pia, kwa adabu za kwetu, amekaa kimya akisubiri wakubwa wamalize. Mtoto aliyechangiwa na usharika mzima huona tabu sana kusema "naogopa", na tabu zaidi kusema "sitaki tena". Kabla ya Jumapili mtafute, mkae wawili tu, pasipo mama wala bango, umuulize. Usimuulize achague. Muulize anajiona wapi Desemba hii, akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini.

Jibu lake lina uzito ambao pengine hamjaupima. Mtoto wa PCB hapa kwetu mara nyingi ana udaktari kichwani. Kama ndiyo hivyo, njia hizi hazifiki mahali pamoja. Hapa mtu huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Marekani lazima kwanza amalize shahada ya miaka minne, ndipo aombe shule ya udaktari, na huko msaada wa fedha kwa mgeni ni adimu kuliko ule alioupata sasa. Baba mdogo anaweza kuwa na hoja, ingawa kaisema kwa ukali. Lakini kama binti anapenda utafiti, au bado hajui na anataka muda wa kujua, chuo kile kinampa nafasi ambayo vyuo vyetu, ambako unaingia na kozi yako mkononi, havimpi kirahisi.

Sasa tuzitazame njia zenyewe.

Kuanza mtandaoni kuna uzuri wake, nisikufiche. Anakuwa mwanafunzi kamili leo, msaada unaanza kuhesabiwa, na viza zikifunguka anasafiri akiwa tayari na masomo mkononi. Lakini piga hesabu ya saa. Mashariki mwa Marekani wako nyuma yetu kwa saa saba. Kipindi chao cha saa nne asubuhi kitamkuta saa kumi na moja jioni, hicho ni kizuri. Cha saa nane mchana ni saa tatu usiku. Semina ya saa moja jioni kwao ni saa nane usiku kwake, na Novemba wakirudisha saa zao nyuma, yote yanasogea saa moja mbele. Nyumba ina vyumba vingapi? Analala na nani? Umeme ukikatika katikati ya jaribio, anamwambia nani, na mwalimu wa huko anamwelewa? Je, vipindi vinarekodiwa, akavitazama mchana? Na maabara: mtoto wa Biolojia atakata chura kwenye kioo cha kompyuta?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawawezi kulijua usipowaambia wewe. Msaada wa fedha wa vyuo vile kwa kawaida una kikomo, mihula minane. Muhula utakaosomwa Old Moshi ni mmoja kati ya hiyo minane. Tena sehemu ya msaada mara nyingi ni kazi ndogo ya chuoni, maktaba au jikoni, ambayo hawezi kuifanya akiwa hapa. Nani ataifidia? Huenda chuo kimeshapanga, vingi vimelazimika kupanga. Ila liulizwe.

Kuahirisha kunaonekana ndiyo njia ya utulivu, na huenda ndivyo. Nina mashaka mawili. La kwanza ni neno lenu lile, "utapitiwa upya". Linaweza kuwa lugha ya kawaida ya ofisi, kwa sababu msaada hupitiwa kila mwaka hata kwa mwanafunzi aliyeko chuoni. Linaweza pia kuwa onyo la watu ambao mapato yao yameshuka na hawataki kuahidi. Kwa kulisoma tu, wewe na mimi hatuwezi kulitofautisha. La pili ni mtego unaowanasa wengi. Mtu anaahirisha, kisha ili asikae bure anajiunga na chuo cha nyumbani. Vyuo vingi vya Marekani vinamruhusu aliyeahirisha kufanya kazi, kujitolea, hata kozi fupi, lakini akijisajili kwa shahada kwingine nafasi yake inapotea, akitaka kurudi anaomba upya kama mwanafunzi wa kuhamia. Na msaada wa wanaohamia kutoka nje ni finyu mno. Kwa hiyo ule mpango wa "aahirishe kule, aanze hapa, tutaona", ambao najua kuna mtu ameshautaja hapo nyumbani au atautaja, ndio unaoonekana salama kuliko yote na unaweza kumnyima vyote. Kama anaahirisha, mwaka huo una sura gani? Akikaa kwenye meza ya mitumba na mama, si aibu. Ila asikae bila ninyi kukubaliana anafanya nini, kwa sababu mwaka wa binti nyumbani huwa unapangiwa kazi na kila ndugu.

Ya tatu, vyuo vya hapa. Barua yako imeiweka mdomoni mwa baba mdogo, kama tusi. Mwalimu, wewe mwenyewe umesoma chuo cha hapa. Muhimbili si adhabu, na chuo cha tiba cha KCMC kiko dakika chache kutoka ulipo. Ugumu wake ni mwingine: mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hauna uhakika kwa mtu yeyote kabla ya majina kutoka, na anayesema "mkopo upo" awe tayari kusema pia kama usipokuwepo atachangia kiasi gani. Lakini kujiweka tayari hakumfungi. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe sasa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, nakala zikusanywe, ili matokeo yakitoka asianze kukimbia ofisi kwa ofisi. Kuomba si kujisajili. Mtego niliousema unaanza pale anapothibitisha na kuingia darasani.

Unaona mwenyewe kwamba kila njia inakomea kwenye swali ambalo jibu lake liko kwenye ofisi fulani Marekani. Yule ofisa wako hayupo, na inauma, kwa sababu mlikuwa mmejenga jambo. Lakini msaada wa fedha una ofisi yake, tofauti na ya udahili, na ndiyo inayojua "kupitiwa upya" maana yake nini. Barua iende kwao, iandikwe na binti kwa jina lake, wewe ukiwa kwenye nakala. Aulize akiahirisha msaada unabaki uleule kama hali ya familia haijabadilika, na kama imebadilika, kwa maana baba hana kazi kwa sababu ya korona, je, unaweza kuongezwa? Aulize akianza mtandaoni muhula unahesabiwa kwenye minane au la. Aulize chuo kinawasaidiaje waliopo nje upande wa kompyuta na intaneti, kwa sababu mwaka huu baadhi ya vyuo vinasaidia, na kama chenu kimo, ugomvi wa baba na mama umepungua nusu. Na aombe siku zaidi. Aeleze kwamba matokeo yake ya taifa hayajatoka. Msiione tarehe yao kama amri ya Mungu. Mwaka huu huu vyuo vingi vya Marekani vilisogeza siku ya kuthibitisha kutoka Mei 1 hadi Juni 1. Wanaweza kukataa, lakini ombi lenyewe halimharibii.

Hela ya changizo. Baba ana haki ya kuogopa, na mama ana haki ya kuona haya mbele ya usharika. Ninachojiuliza ni kwa nini wanagombana wao wawili juu ya fedha ambayo wenyewe wapo, wanakutana kila Jumapili. Waende wote wawili kwa mchungaji, waeleze kilichotokea, waulize kama fedha ikae au itumike kwa kuanza masomo. Watu wale walimchangia mtoto, sidhani kama walichangia ndege. Lakini hiyo ni dhana yangu, na mimi siwajui wazee wa kanisa lenu. Wapo ambao watasema irudishwe. Bora hilo lisikike mapema kuliko likasikika kwenye harusi.

Kuhusu bango sitasema mengi. Bango halina mihula minane. Ila mkuu wa shule ndiye anayekulipa, kwa hiyo sikutumi ukapigane naye. Mwombe tu kwamba binti asiulizwe na mtu mwingine pale shuleni hadi familia iwe imeamua. Hilo ni ombi dogo, na ni vigumu kulikataa mbele ya watu.

Narudi kwa mama na mfuko wake wa parachichi. "Angekuwa wako ungefanyaje?" Umelichukua swali hilo kama mtihani, ukaomba muda wa kujisomea. Sina hakika kama aliuliza kwa maana hiyo. Mama anayeuza Memorial anajua biashara kuliko mimi na wewe, kila robota analofungua amelinunua bila kujua kilichomo. Kutojua hakumtishi. Kinachomtisha, nadhani, ni kubaki peke yake na lawama lolote litakalotokea, huku mumewe akiwa upande mwingine na shemeji akipiga simu. Ukimpa jibu moja utakuwa umempunguzia mzigo kwa wiki moja. Likigeuka, atakuwa na lawama na amekukosa na wewe. Unaweza kumwambia ukweli: "Angekuwa wangu nisingejua pia, lakini ningeuliza mambo haya, na ningetaka kumsikia yeye mwenyewe." Wengine huona jibu hilo ni la kukwepa. Kama akilipokea hivyo, utaliona usoni kwake, na pengine hapo ndipo utamwambia moyo wako unaegemea wapi, ukitenganisha wazi unachokijua na unachokihisi. Sikukatazi kuwa na maoni. Umemfundisha mtoto huyu.

Sasa wewe. Kwa miaka mingi nimefanya kazi za kuandaa mikutano hapa Arusha, kabla ya kuanza kujibu barua za watu. Mji huu unakula semina. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotangazwa Machi 16, tena akiwa hapa hapa Arusha, kumbi zikaanza kurudisha malipo, na pamoja nazo wapishi, madereva, wakalimani na vijana wa vipaza sauti wakarudi nyumbani. Kwa hiyo usiniambie mkutano wa mtandaoni ni sawa na mkutano, najua si sawa. Mada zilizotolewa ukumbini nyingi nimezisahau. Watu waliofungua midomo saa ya chai nawakumbuka. Na wewe kazi yako yote ilikuwa saa ya chai: unasubiri wanafunzi watawanyike, unamfuata mtu na daftari. Hicho ndicho ulichonyang'anywa, na una haki ya kukisikitikia, ikiwemo Minneapolis. Usijilazimishe kusema "si kitu".

Ila umesema ukweli nusu uliposema huwapati wanaojua. Mambo ya Julai 6, Julai 14 na mwisho wa mwezi umenieleza wewe, kwa mpangilio ambao wazazi hawakuupata popote. Na kuna darasa la kidato cha sita linalofuata, ambalo kwenye barua hukulitaja kabisa. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, wa Mei ulifutwa, wa Juni ukafutwa, na vyuo vingi vimesema waombaji wa mwakani si lazima wawe na SAT. Kwa mtoto wa Moshi ambaye ada tu ya mtihani ule ilimshinda, hiyo ni habari kubwa. Wenzao wa mitaala ya kimataifa ya Cambridge na IB mwaka huu hawakufanya mitihani ya mwisho, wakati wa NECTA wameifanya. Ofisa udahili anayetafuta alama zilizotokana na mtihani hasa atakuwa na sababu ya kuuliza NECTA ni nini. Nani atamjibu kutoka Moshi? Sisemi ubaki. Inawezekana umechoka, na kazi isiyo na posho wala mafunzo ina haki ya kuachwa. Nasema tu usimpe mhasibu chumba ukiwa umekasirika na barua pepe ya kompyuta.

Mkutano wa Septemba, kama udhamini wako bado unakubalika, ingia. Waulize waandaaji kama mada zinarekodiwa, usikeshe bure kwa zile zinazorekodiwa. Kesha kwa vile vikao vidogo vya watu wachache, maana huko ndiko saa ya chai imehamia, kama imehamia popote. Na kabla ya hapo watafute walimu wenzako wa Arusha mliokuwa mkikutana nao kwenye zile hoteli, mabasi yenu yakiwa yameegeshwa pamoja. Kila mmoja wao ana mtoto kama huyu mwaka huu. Mmoja wao anaweza kuwa na majibu ya ofisi ileile mnayoiandikia.

Barua ya binti iende leo au kesho, wakati kule ni asubuhi, yaani kwetu kuanzia saa kumi jioni. Wakipigiwa simu saa hizo hupokea pia. Kadi ya simu ya kimataifa ni gharama, lakini hiyo nadhani hata mkuu wa shule atakubali kuilipa.

Shangazi